Siku Nilipoidondosha Rupia ya Bibi Skola

Naomba niseme mapema kabisa kwamba mimi ni fundi wa meno. Si daktari, ni yule fundi anayekaa chumba cha nyuma akitengeneza meno ya bandia, anapima, anachonga, anang'arisha, na kazi hiyo nimeifanya hapa Morogoro mjini miaka kumi na sita, meno ndiyo yanayonilisha, nikikutana na mtu barabarani namtazama mdomoni kwanza ndipo nimtazame machoni. Nalitaja hili mwanzoni ili tukifika kule mbele mnicheke kisawasawa, maana aibu iliyonipata Mgeta ingempata muuza nyanya au mshona viatu ningemwonea huruma, lakini mimi, fundi wa meno mzima, sina pa kujificha.

Kilichonipeleka Mgeta, kule juu milimani, ni ugonjwa wangu wa sarafu za fedha za zamani. (Mume wangu ndiye anayeuita ugonjwa, mimi nauita burudani.) Ulianza na shilingi moja ya mkoloni, ile yenye simba, niliyoikuta kwenye kopo la vifungo la marehemu mama kule Tabora, nyeusi tii, nikaja nayo hapa nyumbani kwangu Mafiga nikaisugua kwa dawa ya meno na mswaki mpaka ikang'aa kama kijiko kipya, nikajisifu wiki nzima, halafu jamaa mmoja anayezijua akanitazama kana kwamba nimemchinja mbuzi wa wenyewe. Sarafu ya zamani haisuguliwi. Ule weusi ndio nguo yake. Tangu hapo nikaanza kujifunza: kupima uzito kwenye mizani yangu ndogo ya kazini, kuijaribu kwa sumaku, kuitazama kwa lenzi ninayotazamia meno, na kuipa kila moja daraja lake.

Madaraja nimeyatunga mwenyewe. Ya juu kabisa ni "mwali", sarafu ambayo haijawahi kutoka ndani, haijaguswa na soko. Inafuata "bibi harusi", imetoka kidogo lakini bado inametameta. Halafu "mama wa watoto", imeshikwa na mikono mingi ila sura inasomeka. Halafu "bibi kizee", unaona kivuli tu cha uso. Na mwisho kabisa, "marehemu", uso umeisha, maandishi yameisha, unainunua kwa uzito wake tu kama unavyonunua chuma chakavu. Kila sarafu yangu imekaa kwenye kimfuko cha plastiki na kadi yenye daraja, na mwanangu Nasra, mwenye miaka sita, anajua kwamba kwenye nyumba yetu anaruhusiwa kugusa kila kitu isipokuwa jiko la gesi na lile sanduku.

Sasa kuna dereva wa lori la mboga anaitwa Sadiki, niliyemtengenezea meno mawili ya mbele baada ya spana kumruka mdomoni. Mteja mzuri, anacheka sana siku hizi ili watu wayaone. Siku moja akaniambia, "Mama Nasra, kule ukweni kwangu Mgeta kuna rupia ya Mjerumani, nimeiona kwa macho yangu. Jumamosi hii kuna shughuli ya mwanangu Yusta, nitapandisha na lori tupu, twende nikupeleke." Nilisikia rupia ya Mjerumani, mengine yote yakapita juu. Shughuli nikadhani ni komunio. Nikanunua begi la shule la waridi kwa ajili ya mtoto, nikavaa gauni langu la kitenge na viatu vya kisigino (viatu vya kisigino, Mgeta!), nikatia kwenye mkoba lenzi, mizani, sumaku, na rupia yangu mwenyewe ya kulinganishia, daraja la bibi harusi, yule mfalme wao mwenye masharubu na kofia ya chuma iliyokaliwa na tai, kila unyoya unauhesabu. Niliitafuta miaka minne ile.

Tukapita Mzumbe, tukaanza kupanda. Nimekaa Morogoro miaka yote hiyo nikiiona milima ya Uluguru kila asubuhi nikianika nguo, nikadhani naijua. Siijui. Unapinda kona moja na ardhi yote inasimama wima mbele yako, na juu ya huo ukuta watu wamelima, matuta juu ya matuta mpaka kwenye ukungu, kabichi, karoti, njegere, na katikati ya matuta mfereji mwembamba wa maji unapita kila shamba kwa zamu, na wanawake wanashuka njia ambayo mimi ningeshuka kwa makalio, wao wamebeba tenga kichwani na wanapiga soga.

Nyumba ya wakwe zake Sadiki iko juu ya barabara, mwendo wa nusu saa kwa mwenyeji na saa nzima kwa mwenye visigino. Sadiki aliniacha uani akaenda kusaidia kubeba kuni. Wanawake wote walikuwa nyuma wakipika, nasikia vicheko na sufuria. Mbele ya nyumba alikuwapo mzee mmoja tu, baba mkwe wake, Mzee Mloka, amekaa kwenye kigoda amevaa koti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu, pole na mlima."

Hapa ndipo nilipoanza kukosea. Mtu mwenye adabu angekwenda nyuma kuwasalimu akina mama, angekaa, angekunywa chai, mambo mengine yangekuja yenyewe. Mimi kichwani nilikuwa na hesabu yangu rahisi: hii ni nyumba, huyu ndiye baba mwenye nyumba, mali ya nyumba ni yake, nizungumze naye mapema kabla watu hawajajaa. Nikamwambia nimesikia ana rupia, naomba kuiona, na kama anauza tutaelewana.

Akacheka. "Mimi sina rupia. Ile ni ya mke wangu, mama Felista, na ndugu zake, ya ukoo wao. Mimi hapa nimeoa tu."

Kwa masikio yangu ile ilikuwa lugha ya biashara. Mara ngapi nimeambiwa "sio yangu, ya shemeji" na mtu anayetaka uongeze bei! Nikamsifia koti, nikamwambia sihitaji kununua leo, kuona tu, dakika moja, nimetoka mbali. Mzee alikuwa amekaa peke yake tangu alfajiri, akapenda kupata mtu wa kuzungumza naye. Akaingia ndani akatoka na kikapu kidogo chenye kifuniko, ndani kitambaa cheupe, ndani ya kitambaa rupia. "Itazame, kisha uirudishe humu humu kabla hawajaja. Wameshaiandaa."

Niliitoa lenzi. Jamani, ilikuwa imekwisha. Mfalme hana uso, hana masharubu, tai kabaki kama tone la uji. Nikaiweka kwenye mizani: karibu gramu nzima imepotea. Halafu ukingoni, kuzunguka pote, kuna vidoti, vimepangika vitatu vitatu, vingine vimepandana, vingine vimefifia mpaka unavihisi kwa ukucha tu. Nikasonya. Kuna matapeli wa zamani walikuwa wanazikwangua sarafu pembeni kwa tupa ili wapate unga wa fedha, nikasema basi, huyu naye kakutana nao. Nikachukua kadi nikaandika kwa kalamu, bila hata haya: marehemu. Kasoro: imepigwa tupa ukingo wote.

Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini nikaingiwa na shaka: je, kama si fedha kabisa? Sumaku haikuishika, hiyo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni sauti. Fedha halisi ukiidondosha kwenye jiwe inaimba, bandia inasema "tak" na kunyamaza. Njia ya kistaarabu ni kuiweka kwenye ncha ya kidole na kuigonga taratibu kwa kalamu. Mimi nilitaka kuisikia vizuri. Mzee alikuwa ameitwa nyuma kidogo, na mlangoni kuna jiwe bapa la kukanyagia, safi, limefagiliwa. Nikainyanyua kiasi cha shibiri moja nikaiachia.

Nisikilizeni. Nimegonga sarafu nyingi, za mwali na za mabibi harusi, sijawahi kusikia sauti ile. Ilikuwa nyembamba, ndefu, ikapanda, ikakaa hewani juu ya ua, nikadhani imekwisha kumbe bado ipo, imekwenda upande wa pili wa bonde. Kitu ambacho nilikuwa nimetoka kukiita marehemu! Nikabaki nimesimama mdomo wazi, nimefumba macho (ndiyo, nilifumba macho), na nilipoyafumbua sauti ilikuwa imekwisha na rupia haipo.

Nikaiona mara moja tu. Ilikuwa inakimbia kwa ukingo wake kwenye ua ule uliofagiliwa, imenyooka, haina haraka, ikafika mwisho wa ua, ikatumbukia. Na mwisho wa ua wa Mgeta, kwa asiyejua, ni mwanzo wa hewa.

Nilikimbia. Chini yangu kulikuwa na matuta ya kabichi yanashuka moja baada ya jingine, halafu mfereji, halafu magimbi, halafu mbali kabisa lori la Sadiki dogo kama kiberiti. Nyuma yangu nikasikia Mzee Mloka anarudi. "Vipi fundi, umemaliza?" Nikafunga kitambaa kitupu ndani ya kikapu, nikafunika, nikasema neno la kwanza lililonijia: "Nimemaliza baba, naomba nikachimbe dawa." Akanionyesha choo, juu, nyuma ya nyumba. Mimi nikateremka kinyume chake, kwenye kabichi.

Nilipekua kwa magoti. Kabichi moja moja, nainua majani, naangalia, narudisha. Kisigino kimoja kikabaki kwenye tuta la pili. Sijui nilikaa huko muda gani, nikasikia sauti ya mwanamke kutoka juu, dada mkubwa wa mama yake Yusta, yule Felista mwenyewe, mwanamke mwenye kifua cha kuimba kwaya bila kipaza sauti.

"Mgeni! Ni tumbo?"

Nikafikiria. "Ndiyo mama, tumbo!"

"La kuendesha?"

Sasa ningejibu nini? "La kuendesha!"

Na milima ile, jamani, inabeba sauti. Kutoka upande wa pili wa bonde, mwanamke ambaye hata simwoni akauliza, "Nani anaendesha?" Felista akamjibu kwa ukarimu wote, "Mgeni wa Sadiki! Fundi wa meno wa mjini!" Mwingine wa chini zaidi akasema pole. Nikasema ahsante. Ningefanyaje?

Nilipopanda, nina udongo magotini, nilikuta kikombe cha majani ya mpera yaliyochemshwa kinanisubiri, kichungu kama shubiri, na wanawake sita wamesimama kuhakikisha nakimaliza. Nilikimaliza. Felista akanipangusa jasho kwa khanga yake, akaniita mwanangu, na huruma ile ndiyo iliyonikata maini kuliko kila kitu. Maana wageni walikuwa wanaingia, mikeka inatandikwa, na kikapu kile Mzee amekirudisha mezani na hakina kitu.

Hapo nikafanya uamuzi wa pili. Nikajiambia: rupia ni rupia. Yangu ni ya mfalme yule yule, tai yule yule, tena inang'aa, tena ya thamani mara kumi ya ile. Nikiiweka pale, wao ndio watakaopata faida, mimi ndiye wa hasara. (Nawaapia, kwa dakika mbili nilijiona mkarimu.) Watu walipoangalia chakula kinachotolewa, nikaichomoa kwenye kimfuko, nikaifunga kwenye kitambaa cheupe, nikafunika, nikaenda kukaa karibu na Sadiki.

Alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na banda la mbuzi, pamoja na Mzee Mloka na wanaume wengine wachache. Nikamuuliza mbona baba wa mtoto yuko nyuma. Akacheka na meno yangu. "Hapa sisi ni waoaji, mama Nasra. Watoto ni wa ukoo wa mama yao. Sisi tunakula ubwabwa na kupiga makofi."

"Na komunio yenyewe saa ngapi?"

"Komunio gani? Leo Yusta anauma rupia."

Nikageuka kukitazama kikapu.

Bibi Skola, mke wa Mzee Mloka, akasimama. Bibi mfupi, mkavu, kitenge kipya, hana haraka. Mbele yake mkekani kakaa Yusta, miaka saba, nywele zimesukwa, anafunga na kufungua mdomo kwa woga, na mbele kabisa meno mawili mapya, makubwa kuliko uso wake. Bibi akaanza kusimulia, wakubwa wakimwitikia, kwamba bibi yake mzaa bibi alikuwa anashuka kutoka shamba la juu, mzigo kichwani, mtoto mgongoni, mwingine mkononi, na rupia moja, ya kwanza aliyowahi kuipata kwa njegere zake, hana mkono wa kuishika, akaitia mdomoni. Njiani askari wa kodi. Wakamuuliza una nini, akatikisa kichwa. Wakamuuliza jina, akatikisa kichwa. Wakamtisha, akaing'ata kwa nguvu zote mpaka jino likaingia kwenye fedha, hakutamka neno, wakamwona bubu wakaenda zao. Tangu siku hiyo kila mtoto wa ukoo ule, wa kike na wa kiume, akiota meno yake ya mbele ya ukubwani, anaiuma rupia ile mbele ya watu, pale pale ukingoni, anaacha alama yake na kuingia kwenye hesabu ya wenziwe.

Nilikuwa nimeshika begi la waridi kifuani. Vidoti vitatu vitatu.

Bibi akafungua kitambaa, hakutazama, akamkabidhi Yusta. Mtoto akaipeleka mdomoni, na nadhani alishawahi kuichezea kwa siri, kwa sababu kabla ya kuuma aliipitisha ulimi ukingoni, polepole, akaizungusha, akapitisha tena. Akaitoa.

"Bibi," akasema, "hii haina meno."

Wapo waliocheka. Halafu Bibi Skola akaichukua, akapitisha kidole gumba, kicheko kikakatika. Akampa Felista. Felista akapitisha kidole, akampa aliyefuata. Ikapita mkeka mzima, wanawake, wajomba, vijana waliotoka Dar na simu mkononi, hata kisichana cha miaka minane, na kila mmoja alipitisha kidole na kutikisa kichwa. Hakuna aliyeitazama ile sura nzuri ya mfalme. Watu arobaini wanaijua rupia yao kwa kidole, na mimi mwenye lenzi nilikuwa nimeiita ya tupa. Yusta akaanza kulia, bila sauti, mdomo umefumbwa ameficha meno.

Nikasimama. "Ni mimi," nikasema. "Niliiomba kwa baba nikaigonga kwenye jiwe, ikadondoka bondeni. Hiyo hapo ni yangu. Nimeiweka ili msijue. Nisameheni."

Felista akauliza taratibu: "Na tumbo?"

"Tumbo halikuwepo, mama."

Sadiki aliinamisha kichwa akafunika mdomo kwa mkono, na sijawahi kuona meno yangu yakifichwa hivyo. Mzee Mloka akataka kusema kosa ni lake, akina mama wakamgeukia wote kwa pamoja, akaketi. Nilisubiri nifukuzwe, na kwa kweli ningefurahi.

Bibi Skola hakunifukuza. Alinijia mpaka karibu akaniuliza kitu kimoja tu: "Ulisimama wapi?" Nikamwonyesha. "Uliiachia vipi?" Nikamwonyesha. Akanitia rupia yangu kiganjani. "Basi iachie na hii hivyo hivyo, tuone itapita wapi."

Nawaambieni ukweli wangu mbaya: hata wakati ule, na aibu yote ile, moyo uliniuma. Miaka minne ya kuitafuta. Nilitazama jiwe, nikamtazama Yusta, nikaiachia. Ikaimba, ndiyo, lakini kifupi. Mara ya kwanza ilikwenda kwa kuku. Ya pili ikalala. Wakati huo watu walikuwa wameshateremka, wamesimama kila tuta na nguo zao za shughuli, macho juu. Ya tatu ikasimama kwa ukingo, ikanyooka, ikaruka mwisho wa ua, na tukaisikia: kabichi, kabichi, jiwe, chubwi.

"Mferejini!" wakapiga kelele.

Wakatuma mtu kuufunga mfereji juu, na maji yalipokatika mashamba yote ya chini wenye zamu zao wakaanza kuuliza kuna nini, wakajibiwa (kwa sauti ya Felista), wakapanda nao kusaidia. Nusu ya kijiji imepiga magoti kwenye tope. Hakuna aliyenitukana. Waliulizana kwa Kiluguru na kupitisha vidole chini ya mizizi ya magimbi, taratibu, kama mtu anayemtafutia mtoto mwiba. Yangu ilionekana kwanza, ina mkwaruzo wa jiwe kuanzia kofia ya mfalme mpaka kidevuni. Yao aliipata Mzee Mloka. Alikuwa ameingia mpaka kwapani chini ya gimbi, akatoa mkono, akaisugua kwa koti, hakuinyanyua kuwaonyesha watu, akapanda matuta yote mwenyewe mpaka kwa mkewe.

"Jino langu halimo humu," akamwambia, "lakini nimelala nayo nyumba moja miaka hamsini."

Bibi Skola alimshika mkono wenye tope akakaa nao hivyo kidogo, mbele ya watu wote. Ndipo akamwita Yusta.

Mtoto alipitisha ulimi. Akatabasamu. Akauma, akafumba macho, mashavu yakatetemeka, na watu wakapiga vigelegele mpaka ng'ambo wakaitikia, hata wale waliokuwa wameniambia pole ya tumbo. Bibi akaipangusa, akanigeukia. "Fundi wa meno. Lete kioo chako usome."

Nikasoma. Na hapa ndipo aibu yangu ilipofika kilele, maana kila mwanafunzi anayekuja kujifunza kwangu jambo la kwanza namfundisha hili: jino jipya la mbele la mtoto, likitoka tu, ukingo wake una vinundu vitatu, kama wimbi dogo, na vinasagika na kuisha mtu akikua, ndiyo maana wakubwa hatuna. Namchongea mtu jino la bandia nikijua hilo! Na pale chini ya lenzi, kwenye fedha, vidoti vitatu vya Yusta vilikuwa vinameta, vipya. Pembeni yake vitatu vingine. Na vingine. Nikaizungusha rupia nzima, na wakawa wananijia mmoja mmoja, wananishika kidole na kukiweka: hili langu, hili la kaka yangu aliyefariki, hili la mama. Felista lake limekaa upande, aliuma akicheka. Bibi Skola lake nusu limefutika. Na juu kabisa, palipokuwa kichwa cha mfalme, shimo moja refu, si vidoti vitatu, ni jino la mtu mzima, lililosagika kwa kula, lililoumwa kwa hofu. Nilianza kulia, mimi, na hakuna aliyenishangaa.

Kisha mjomba mmoja akauliza mimi kabila gani. Nikasema Mnyamwezi. Ua ukalipuka. "Aaa, mtani! Ndiyo maana!" Basi nikatozwa faini ya mtani: kubeba tenga la kabichi kichwani mpaka kwenye lori, na kila nitakayekutana naye njiani aniulize hali ya tumbo nami nimjibu kwa adabu. Nilikutana na watu kumi na saba. Niliwajibu wote. Peku, maana kisigino kingine nacho kilibaki huko.

Bibi Skola alinisindikiza mpaka njia panda. Nilimwambia sitathubutu tena kutaja bei ya kile kitu. Akasema, "Wala sisi hatujui bei yake. Lakini ile yako, mbona unaifungia? Yetu nayo ilianza na mtu mmoja."

Sasa nadhiri zangu ni hizi, na mniulize mkiona nazivunja: sitagonga sarafu ya mtu kwenye jiwe, sitamwuliza mwanamume habari za mali kabla sijamsalimu mwanamke wa nyumba hiyo, na sitamwambia mtu kwamba nina tumbo la kuendesha nikiwa mlimani. Kadi ile ya "marehemu" niliichana humo humo ndani ya lori. Ile ya "bibi harusi" nayo nimeitoa, maana kwa mkwaruzo ule hakuna mkusanyaji atakayeitaka tena, na sijaiandikia daraja jipya. Rupia yenyewe iko mezani, nje ya kimfuko. Nasra anaichezea anapofanya kazi za shule. Jana jioni amenijia na kidole mdomoni, jino la mbele la chini linacheza.